Baiskeli Imfuate Mwenye Kuipanda

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Issenye)



Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya maendeleo. Nilimjibu kwamba juu ya maendeleo wapo wenzangu wanaojua kusema vizuri kuliko mimi, na mkutano wetu haujapata kukosa hotuba ya namna hiyo. Mimi ni fundi. Nikamwomba ruhusa nizungumze juu ya kitu ninachokijua, yaani baiskeli, na hasa ile baiskeli yangu ya umeme iliyoegemea mti pale nje, ambayo tangu asubuhi vijana wameizunguka kama nyuki waliozunguka mzinga. Katibu alicheka, kisha akakubali.

Baadhi yenu mmeniuliza kama nimeiagiza Ulaya. Hapana. Fremu yake ni Phoenix ya kutoka Shanghai, ile ile nyeusi ambayo baba zetu waliitumia kupeleka mahindi mashineni na wagonjwa zahanati. Mota imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mota na betri aliniletea mpwa wangu kutoka Dar es Salaam, baada ya kuchoka kunisikia nikilalamika juu ya goti langu. Spoku nimezisuka mwenyewe. Kwa hiyo ni mzee aliyepewa moyo mpya, na mkiniangalia vizuri mtaona tumefanana.

Tena msidhani jambo hili ni geni sana duniani. Mmarekani mmoja, Ogden Bolton, alipewa hati ya kumiliki uvumbuzi wa baiskeli yenye mota ya umeme katika gurudumu la nyuma tarehe 31 Desemba, 1895. Kilichokosekana wakati ule ni betri nyepesi. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ikatoa baiskeli ambayo mota yake humsaidia mtu pale anapokanyaga pedeli tu. Akiacha kukanyaga, nayo huacha. Siku hizi hata jirani zetu wamo katika kazi hii. Jinja, Uganda, shirika la FABIO limetumia baiskeli za umeme kubebea mizigo na wagonjwa. Nairobi ipo kampuni ya Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ambayo hutengeneza pikipiki za umeme.

Lakini leo sitaki kuwauzia mota. Nataka kuwaeleza jambo moja ambalo nimelijifunza kwa miaka mingi nikiwa nimechutama na spana mkononi: kiwanda hutengeneza baiskeli kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Hutengenezwa kwa ajili ya mtu wa urefu wa kati, mwenye uzito wa kati, anayepita katika barabara ya lami mchana kweupe. Mtu huyo mimi sijapata kumwona hapa Issenye. Hapa yupo mama mwenye ndoo keriani, yupo mwanafunzi mfupi aliyeachiwa baiskeli na kaka yake mrefu, yupo mzee mwenye goti bovu kama mimi. Hapana budi baiskeli imfuate mtu, wala si mtu aifuate baiskeli.

Watu wa Afrika Mashariki tumelijua jambo hili zamani. Wale vijana wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walipoanza kubeba abiria kwa baiskeli na kupewa jina la bodaboda, hawakungoja kiwanda kiwatengenezee. Walichukua keria ya chuma, wakaifunga mto wa sponji, wakaweka pa kuegesha miguu ya abiria, na ile baiskeli ya mizigo ikawa gari la watu. Jina likahamia kwenye pikipiki, lakini mwanzo wake ni mto wa sponji juu ya keria. Basi tufuate mfano huo. Nitayagawa maneno yangu katika sehemu tatu: starehe, namna ya kuendesha, na kuonekana. Hiyo ya kuonekana nimeiweka mwisho kwa makusudi, na nitakapofika nitasema sababu.

Kwanza, starehe. Wapo wanaodhani kwamba kutafuta starehe ni uvivu. Siyo. Mtu anayeumwa mgongo haangalii barabara, anaangalia maumivu yake. Basi anzeni na siti. Kaa juu ya siti, mwenzako akikushikilia, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke sawasawa. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo penyewe. Wengi wetu huweka siti chini mno ili miguu yote miwili iguse ardhi tunaposimama. Tunaona raha dakika moja ya kusimama, tunaumiza magoti saa nzima ya kwenda. Goti langu limeharibika hivyo. Kwa miaka mingi niliendesha baiskeli niliyoachiwa na mtu mfupi kuliko mimi, na spana ilikuwa mfukoni mwangu siku zote.

Siti ikiwa sawa, tazama usukani. Ukiwa chini sana, uzito wako wote unaangukia viganja na shingo. Mwenye baiskeli ya kawaida huinama ili apate nguvu ya kupanda kilima. Mwenye mota hana haja hiyo, kwa sababu kilima hupandishwa na betri. Anaweza kuinua usukani, akakaa wima na kuona mbali. Mimi nimeuinua wangu vidole vinne.

Kisha matairi. Njia zetu wakati wa kiangazi hujikunja kama bati, mpaka meno yanagongana. Tairi nyembamba iliyojazwa upepo mpaka inalia kama ngoma itakupa kila tuta. Nimeweka tairi pana zaidi na kupunguza upepo kidogo, na siti ya springi nimeiacha pale pale, maana wazee wa zamani hawakuwa wajinga. Lakini usipunguze upepo mpaka rimu inagonga jiwe, utaikunja. Na kwa ajili ya miiba ya migunga, tembea na viraka na pampu. Umeme hauzibi pancha.

Betri nayo msiifunge keriani. Wengi hufanya hivyo kwa kuwa ni rahisi, halafu wanashangaa baiskeli inayumba kama mlevi. Kilo tatu za betri, kilo nne au tano za mota, zote zikiwa nyuma, na gunia juu yake, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na usukani haukusikii. Betri ikae katikati ya fremu, chini ya bomba la juu. Na nikitaja bomba la juu, niseme neno kwa ajili ya mabinti. Fremu ile ya kiume imemnyima msichana mwenye sketi au mama mwenye kanga nafasi ya kupanda kwa heshima yake. Mwenye uwezo amtafutie bintiye fremu iliyoshuka katikati. Nayo ni starehe, na pengine ndiyo itakayoamua kama atafika shule au hatafika.

Pili, namna ya kuendesha. Hapa naomba wanafunzi wa fizikia wafungue masikio. Betri yangu ni ya volti 36 na saa-ampea 10. Zidisheni: mnapata saa-wati 360. Katika njia zetu, nikikanyaga pedeli kwa bidii ya kawaida, hutumia kama saa-wati 12 kwa kilomita. Gawanyeni: ni kilomita 30. Nikiwa mvivu, nikaiachia mota kazi yote na mzigo nyuma, kilomita hizo hupungua sana. Mtu wa kawaida akiendesha kwa utulivu hutoa yeye mwenyewe wati 75 hadi 100 hivi. Kwa hiyo miguu yenu ni mota ya pili, na haihitaji kuchajiwa ila kwa ugali.

Kuijaza betri hiyo kutoka mwanzo hakufiki nusu ya uniti moja ya umeme. Pasipo na nguzo za umeme, paneli ya jua ya wati 100 ikifungiwa vifaa vyake inaweza kuijaza kwa siku moja ya jua kali. Lakini sikilizeni: betri za lithiamu hazina mzaha. Tumia chaja yake yenyewe, siyo ya kuazima. Usiichaji ndani ya chumba unacholala, wala bwenini, wala usiiache juani mchana kutwa. Ikivimba au ikianguka vibaya, usiitumie tena. Moto wake ni mgumu kuzimwa.

Kila mtu ana mwendo wake, na baiskeli ifungwe kulingana na mwendo huo. Anayepeleka maziwa kila asubuhi anahitaji meno makubwa nyuma ili aondoke taratibu bila kumwaga. Kijana anayetaka kasi anahitaji kwanza breki. Hili msilisahau: kabla ya kuongeza nguvu ya kwenda, ongeza nguvu ya kusimama. Zile breki za fito za Phoenix, zenye kubana rimu ya chuma, zikilowa mvua ni kama kubana sabuni. Mimi nilibadili uma wa mbele nikaweka breki ya diski ndipo nikaunganisha waya wa mota. Tena ekseli ya mota hujaribu kujizungusha yenyewe ndani ya fremu. Lazima ishikwe kwa mkono wa chuma uliofungwa barabara kwenye fremu, la sivyo siku moja gurudumu litachomoka. Kasi yangu nimeiwekea mpaka: kilomita 25 kwa saa. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, inaweza kufika arobaini." Nikamwambia, "Mwanangu, mota inaweza. Mimi siwezi."

Wakati wa masika mnajua udongo wetu mweusi wa mbugani. Hushika tairi, hujaa chini ya madigadi, mpaka gurudumu haligeuki na mwenye baiskeli anageuka kuwa punda wa baiskeli yake. Inueni madigadi, pabaki nafasi ya vidole vitatu, au yaondoeni kabisa mpaka kiangazi. Wala usiipitishe mota katika mto uliofurika. Maji yakifika kwenye ekseli, shuka, ubebe, au urudi.

Na tusisahau majirani zetu wenye miguu minne. Sisi tunakaa kando ya mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Wakati nyumbu wanapopita upande wetu, pamoja nao huja wengine. Baiskeli ya umeme haina kelele, na hiyo ni sifa yake mjini. Huku ni hatari, kwa sababu unaweza kumfikia tembo bila yeye kujua. Tembo hapendi kushtukizwa. Usipite karibu na vichaka kabla ya kupambazuka au baada ya jua kuzama. Ukimwona, simama mbali, geuza, ngoja. Kuchelewa shule kuna adhabu, lakini adhabu ya mwalimu ni nafuu.

Tatu, kuonekana. Ndugu zangu, hapa nitasema polepole kidogo.

Wale wa darasa letu mnamkumbuka mwenzetu niliyekaa naye dawati moja. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mama yake bado yupo, na hakuniruhusu wala sikumwomba. Tulipomaliza shule, mimi nilianza ufundi chini ya mti, yeye alianza biashara ndogo ya samaki wakavu, akivichukua kwa baiskeli na kuviuza minadani. Mwaka 1996, mwezi wa Julai, alininunulia soda akaniomba niipambe baiskeli yake, maana alikuwa ameanza kuposa na alitaka aonekane mtu. Niliifanyia kazi siku nzima. Nilipandisha siti. Nilikaza spoku zote. Nilifunga kengele mbili, nikaweka maua ya plastiki kwenye usukani, na nyuma nikaning'iniza kipande cha mpira chenye maneno ya rangi. Ilikuwa baiskeli nzuri kuliko zote sokoni, na mimi nilijiona fundi kweli kweli.

Dinamo ilikuwa mbovu. Ilihitaji waya mmoja tu. Na kile kioo chekundu cha nyuma nilikitoa mimi mwenyewe, ili mpira wenye maneno ukae vizuri. Nilimwambia, "Taa tutaitengeneza Jumamosi." Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa jioni, katika barabara ya kwenda Natta, jua limezama na vumbi limetanda, lori lilitokea nyuma yake. Dereva alisimama. Hakukimbia, alisimama akalia kama sisi. Alisema hakuona kitu, na mimi namwamini, kwa sababu nilijua hapakuwa na kitu cha kuona. Mwenzetu alikuwa amevaa koti jeusi la kuposea. Hakufika hospitali.

Miaka mingi sikumwambia mtu habari ya kile kioo chekundu. Leo nimewaambia. Sikusema ili mnihurumie, bali ili mjue kwamba mapambo na taa si kitu kimoja. Mapambo huonekana mchana, wakati huna haja ya kuonekana.

Turudi kwenye hesabu, maana hesabu haina huruma lakini inaokoa. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linapita mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu, huchukua sekunde moja na nusu hivi kabla mguu wake haujakanyaga breki: mita 33 zimekwisha. Kisha gari lenyewe, hata katika lami kavu, linataka mita 35 nyingine au zaidi. Katika changarawe na mzigo, zaidi sana. Jumla ni karibu mita 70. Lakini mtu mwenye nguo nyeusi, taa za gari zikiwa zimeinamishwa, mara nyingi haonekani mpaka gari limefika mita 30 au 50. Basi toeni wenyewe 30 katika 70, mtaona alipopotelea mwenzetu. Kioo chekundu kizima, kilicho safi, humwakisia dereva mwanga akiwa mbali zaidi ya mita 100. Kipande kile ni kidogo kuliko kiganja.

Kwa hiyo nilipopewa mota, sikuanza na mota. Nilianza na taa. Nyuma kuna taa nyekundu na kioo chekundu, vyote viwili, kwa kuwa taa huweza kuzimika lakini kioo hakizimiki. Mbele kuna taa nyeupe, nimeiinamisha imulike njia, isimpofushe anayekuja. Kwenye pedeli kuna vioo vya manjano. Vikipanda na kushuka, dereva anajua mara moja kwamba huyu ni mtu wa baiskeli, wala si nguzo. Kwenye spoku nimefunga vipande vilivyokatwa kutoka fulana kuukuu ya mafundi wa barabara. Na taa zangu zina betri yake ndogo, mbali na ile kubwa, ili mota ikiishiwa nguvu nisibaki gizani. Dinamo ya zamani ilikuwa na ubaya huo: ukisimama, nayo inazima, na pengine hapo unaposimama ndipo unapohitaji kuonekana.

Mengine hayahitaji fedha. Futa vumbi kwenye vioo kila jioni, maana kioo chenye vumbi ni jiwe. Vaa shati jeupe, lile la sare yako linatosha. Kaa kushoto. Gari likipita na kuacha wingu la vumbi, simama kando mpaka litue, kwa sababu gari la pili halikuoni.

Ndugu Mwenyekiti, sasa ombi langu, kisha nikae. Nimehesabu leo baiskeli zilizoegeshwa nyuma ya darasa. Ni 41. Zenye kioo chekundu kizima ni 9. Zenye taa inayowaka ni 3, na moja kati ya hizo ni yangu. Nyingi kati yake nimezitengeneza mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Naomba basi kila mwanafunzi wa zamani, badala ya kuchangia keki ya mkutano ujao, achangie kioo kimoja chekundu na taa moja ndogo ya nyuma. Mimi nitakuja na spana zangu Jumamosi ya kwanza ya kila muhula, bila malipo, na vijana watafunga wenyewe huku nikiwaelekeza. Hiyo nayo ni elimu ya kujitegemea. Tukimaliza vioo, tutapima siti za kila mmoja. Na siku mota zikiwa za bei ambayo mkulima anaiweza, tutafunga mota. Lakini kwa utaratibu huo huo: kwanza aonekane, pili aweze kusimama, tatu akae vizuri, na mwisho kabisa aende haraka.

Jumamosi ile niliyomwahidi mwenzangu ilipita. Zilizobaki bado tunazo.